Kutibu Michubuko ya Ngozi Ipone Vizuri Bila Kuacha Madoa Meusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika chumba cha kufungia vidonda nilikofanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, mtu aliyechubuka goti au kiwiko kwa kawaida hakuja siku aliyoumia. Alikuja baada ya mwezi, kidonda kimeshafunga, akapandisha suruali na kuonyesha baka jeusi lenye ukubwa wa kiganja, akiuliza kuna krimu gani ya kuliondoa. Swali hilo lina majibu na nimeyaeleza humu, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika katika wiki mbili za mwanzo, wakati ambapo wengi hupaka chochote kilicho karibu na kuamini kwamba kidonda kikishakauka mambo yamekwisha. Doa jeusi huanza kutengenezwa siku hizo hizo.

Mchubuko ni nini, na unatofautianaje na jeraha la kukatwa?

Mchubuko ni jeraha linalotokea ngozi inapokwaruzwa au kuburuzwa juu ya kitu kigumu, kama lami, changarawe, sakafu ya saruji, ukuta au kamba, hadi tabaka la juu likatoka. Jeraha la kukatwa huwa jembamba na lenye kina, ilhali mchubuko huwa mpana na wa juu juu. Hauvuji damu kwa wingi; hutoa vitone vidogo vidogo vya damu na majimaji, nao huuma kuliko unavyotarajia kwa sababu miishio mingi ya mishipa ya fahamu imebaki wazi. Mchubuko usioingia ndani sana hufunga katika siku 7 hadi 14, na usipovurugwa hauachi kovu la kudumu, kwa kuwa ngozi mpya huota kutoka kingo zake na pia kutoka kwenye mashina ya vinyweleo yaliyosalia chini yake.

Kwa nini ngozi nyeusi huacha doa hata pale jeraha lilipokuwa dogo?

Watu wa rangi zote wana seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, iitwayo melanini, na idadi ya seli hizo inakaribiana kwa wote. Tofauti iko katika wingi wa rangi zinazotengeneza na namna inavyogawanywa katika ngozi. Ngozi inapoumia, mwili huleta damu, joto na uvimbe mahali pale ili kusafisha na kujenga upya, hali ambayo wataalamu huiita mcharuko, na kemikali zinazotolewa wakati huo huziamsha zile seli za rangi zikafanya kazi kupita kawaida. Kwenye ngozi yenye melanini nyingi mwitikio huo ni mkubwa zaidi, ndiyo maana mtu wa Tanga na mtu wa Stockholm wanaweza kuanguka namna moja, mmoja akabaki na alama ya waridi kwa wiki chache na mwingine akabaki na baka jeusi kwa miezi.

Rangi ya ziada ikibaki katika tabaka la juu, itaondoka polepole kadiri ngozi inavyojibadilisha. Ikidondokea katika tabaka la chini, ambalo halijimenyi, inaweza kukaa miaka. Kinachoisukuma chini ni mcharuko mkali au wa muda mrefu. Kwa hiyo kila kitu kinachokichokoza kidonda, iwe ni vijidudu, mchanga uliobaki ndani, dawa inayounguza, kucha au jua, kinachangia weusi utakaoonekana baadaye. Ukilishika jambo hili moja, ushauri wote unaofuata utauona una sababu yake.

Nimeanguka sasa hivi. Nianze na nini?

Anza na mikono yako mwenyewe: ioshe kwa sabuni. Kisha weka sehemu iliyochubuka chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika kadhaa, si kwa sekunde chache, huku ukipitisha vidole taratibu kutoa vumbi. Maji ya bomba yanayofaa kunywa yanatosha. Utafiti uliolinganisha maji hayo na maji maalumu ya chumvi ya hospitalini haukuona kwamba yanaongeza maambukizi. Panapokuwa na maji ya kisima au ya dumu ambayo huyaamini, yachemshe, yaache yapoe, kisha uyamimine kutoka kwenye jagi au chupa safi. Ukipenda, weka kijiko kidogo cha chai cha chumvi, kisichojaa, katika nusu lita ya maji hayo, nayo hayatauma sana. Sabuni isiyo na manukato mengi itumike kuzunguka kidonda. Ikiingia kidogo ndani hakuna madhara, ila isuuzwe yote.

Damu ikiwa inatoka, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunua funua. Watu hufunua kila baada ya sekunde 30 kuangalia kama imekata, na kila wanapofunua huliondoa donge la damu lililokuwa limeanza kuganda.

Mchanga au weusi wa lami umebaki ndani ya ngozi. Je, utatoka wenyewe?

Mara nyingi hautoki. Hili ndilo swali ninalotamani watu wangeliuliza siku ya kwanza, kwa sababu chembe za lami, mkaa au vumbi zikifunikwa na ngozi mpya hubaki humo kama chale, zikaonekana kama vitone vya bluu au vyeusi ambavyo hakuna krimu inayoweza kuvifikia. Kuviondoa baadaye kunahitaji mashine ya miale ya leza au upasuaji mdogo.

Namkumbuka kijana mmoja wa bodaboda aliyeletwa siku ya nne baada ya kuteleza kwenye barabara ya changarawe. Goti lake lilikuwa limepakwa dawa ya zambarau, juu yake umemwagwa unga wa vidonge, na vyote viwili vilikuwa vimegandamana na kuwa gamba gumu kama udongo wa kichuguu. Tulililowesha kwa maji ya chumvi vuguvugu kwa karibu nusu saa, likaanza kuachia upande mmoja, na chini yake zilikuwapo kokoto ndogo tatu na vumbi jekundu, vyote vikiwa mahali pale pale vilipoingilia. Kidonda kilipona, lakini vitone vya bluu vilivyobaki chini ya goti havikufutika.

Chembe zilizo juu ziondoe kwa maji, kwa kitambaa laini kilicholowa, au kwa kibano kilichochemshwa. Zilizozama, au zilizosambaa mahali papana, zipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake, mahali ambapo mtoa huduma anaweza kupaka au kuchoma ganzi kwanza na kisha kuzisugua hadi zitoke. Bila ganzi hakuna anayevumilia kusuguliwa vya kutosha, hata awe shujaa kiasi gani.

Spiriti, dawa ya zambarau, unga wa vidonge, dawa ya meno, majivu: kipi kinafaa?

Kwa kumwagwa ndani ya mchubuko, hakuna hata kimoja.

Spiriti na maji ya oksijeni (ile dawa inayotoa povu) huua vijidudu kweli, lakini huua pia seli changa zinazojaribu kufunga kidonda, na ule mwasho unaohesabiwa kuwa dalili ya dawa kufanya kazi ni dalili ya kuungua. Dawa kali za maji za kuulia vijidudu zisipozimuliwa kama kibandiko cha chupa kinavyoelekeza huunguza ngozi, na nimeona watu waliopata kidonda cha kuungua juu ya mchubuko. Dawa ya aidini inaweza kutumika mara moja mwanzoni, kwa kidonda kichafu na kwa kipimo kinachoelekezwa, lakini haina sababu ya kurudiwa kila siku kwenye kidonda kisafi.

Dawa ya zambarau, maarufu kama GV, ina tatizo la ziada kwa mtu anayeogopa alama, kwa kuwa ikiwekwa kwenye nyama iliyo wazi inaweza kuacha rangi ya kudumu. Aidha, mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada iliwaonya watu waache kutumia bidhaa zenye dawa hiyo kwa sababu ya hofu ya saratani iliyotokana na majaribio ya wanyama. Najua imo katika nyumba nyingi na bibi zetu waliitegemea, lakini kwa mchubuko tuna vitu bora zaidi na vya bei ya chini.

Unga wa vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili umetengenezwa umezwe, usinyunyizwe. Ukinyunyizwa hutengeneza ganda linalofungia uchafu chini, unaweza kuleta mzio, na unachangia usugu wa vijidudu dhidi ya dawa. Dawa ya meno, kahawa, majani ya chai, mafuta ya taa na majivu vinaongeza mcharuko au uchafu. Kinyesi cha ng'ombe na udongo ni hatari ya kiwango kingine kabisa, kwa sababu humo ndimo bakteria wa pepopunda wanamoishi.

Si kweli kwamba kidonda kinatakiwa kupigwa na hewa ili kikauke?

Imani hii imeenea kote, na wako wahudumu wa afya wanaoishikilia mpaka leo. Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya kwa nguruwe, ambao ngozi yao inafanana na yetu kwa mambo mengi: majeraha ya juu juu aliyoyafunika kwa karatasi ya plastiki yaliota ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili ya yale aliyoyaacha wazi. Mwaka uliofuata jaribio kama hilo lilifanywa kwa binadamu na likatoa picha ile ile.

Sababu yake si ngumu. Seli za ngozi mpya husafiri kwa kutambaa juu ya uso wenye unyevu. Kidonda kikiachwa kikauke, hutengeneza kigaga, na seli hulazimika kupenya chini ya kigaga hicho, mahali palipo bado na unyevu, njia ambayo ni ndefu na ya taabu. Kigaga hicho hupasuka goti linapokunjwa, damu hutoka, mcharuko huanza upya, na weusi huongezeka. Unyevu ninaouzungumzia ni ule mwepesi unaohifadhiwa na mafuta na bendeji. Kidonda kilichofunikwa kwa nailoni kikatota na kunuka ni jambo jingine.

Basi nipake nini, nifunge na nini, na nibadilishe lini?

Baada ya kuosha, kausha ngozi inayozunguka kidonda kwa kugusa gusa, kisha paka tabaka jembamba la mafuta ya mgando yasiyo na manukato wala rangi. Ndiyo, yale yale ya kopo yanayouzwa dukani. Kwa mchubuko msafi hayana upungufu mkubwa yakilinganishwa na krimu za antibayotiki, na hayaleti mzio ambao baadhi ya krimu hizo huuleta, hasa zile zenye neomisini. Tumia kopo jipya au lililo safi, na uchote kwa kijiko kilichooshwa, kwa kuwa kopo la familia linaloingizwa vidole vya watu wanane halina usafi tena.

Juu yake weka shashi isiyonata. Maduka ya dawa huuza shashi iliyolowekwa mafuta ya parafini, na ukiikosa, shashi ya kawaida juu ya mafuta ya kutosha itafaa. Pamba usiiweke moja kwa moja kwenye kidonda, kwani nyuzi zake hubaki ndani. Funga kwa bendeji au plasta, isibane kiasi cha kufanya vidole vya mguu vipate ganzi.

Badilisha mara moja kwa siku, na pia kila inapolowa au kuchafuka. Kama shashi imenata, usiivute kwa nguvu ukifumba macho. Imwagie maji vuguvugu, subiri dakika tano au kumi, itaachia yenyewe. Kuinyofoa kwa nguvu huondoka na ngozi mpya ya siku nzima. Endelea hivi hadi sehemu yote iwe imefunikwa na ngozi na haitoi majimaji tena.

Maumivu ya siku mbili za mwanzo yanatulizwa na paracetamol kwa kipimo cha kawaida.

Kuna utando wa njano juu ya kidonda. Je, ni usaha?

Si lazima. Kidonda kinachotunzwa kwa unyevu mara nyingi huwa na utando laini wa njano hafifu, usio na harufu, unaotokana na majimaji ya mwili, na watu wengi huusugua hadi damu itoke wakidhani wanasafisha. Uache. Usaha huwa mzito, huongezeka siku hadi siku, mara nyingi hunuka, na huja pamoja na maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

Kigaga kinawasha. Naweza kukibandua?

Hapana. Kikibanduliwa kabla ya wakati wake huondoka na ngozi changa, na pale palipong'olewa mara mbili au tatu ndipo utakapokuta doa jeusi zaidi kuliko sehemu nyingine ya jeraha. Mwasho ni sehemu ya uponaji, nao unapungua ukipaka mafuta ya mgando ili kigaga kilainike, ukikandamiza kwa kitambaa chenye maji ya baridi, au ukipiga piga ngozi ya pembeni kwa kiganja. Kata kucha za mtoto na umfunike kidonda wakati wa kulala, kwa sababu kazi kubwa ya kujikuna hufanyika usingizini.

Naweza kuoga? Na maji ya bahari je?

Kuoga unaruhusiwa kila siku, kwa maji safi, bila kusugua kidonda kwa dodoki. Bahari, mito, mabwawa na madimbwi uviache hadi ngozi ifunge. Wakazi wa pwani wengi wamelelewa na usemi kwamba maji ya bahari hukausha vidonda, lakini ufuoni kuna maji taka, na bahari yenye joto ina bakteria wake wanaoweza kushambulia jeraha lililo wazi.

Ni lazima nichomwe sindano ya pepopunda?

Inategemea chanjo ulizopata na uchafu wa jeraha. Mchubuko wa barabarani, wa shambani au wa zizini huhesabiwa kuwa mchafu. Kwa mtu aliyekamilisha chanjo zake za msingi, jeraha chafu linahitaji sindano ya nyongeza ikiwa imepita zaidi ya miaka 5 tangu ya mwisho, na jeraha safi na dogo linahitaji ikiwa imepita zaidi ya miaka 10. Ambaye hakuwahi kuchanjwa au hakumbuki kabisa anatakiwa kuanza chanjo, na kwa jeraha chafu anaweza kuhitaji pia sindano ya kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, zinazomkinga papo hapo.

Hapa nawasemesha wanaume hasa. Watoto hupata chanjo hii kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na kina mama huongezewa wakati wa ujauzito, lakini mwanamume mzima anaweza kuishi miaka 40 bila mtu yeyote kumkumbusha sindano ya nyongeza. Na ndiye huyo huyo anayeendesha pikipiki, anayelima na anayejenga. Nenda kituo cha afya mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24, na hata ukichelewa nenda.

Nitajuaje kwamba kidonda kimeingiwa na vijidudu? Vitabu vinasema ngozi huwa nyekundu, na yangu haiwi nyekundu.

Swali zuri, na wengi wamechelewa kwa kusubiri wekundu ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi. Badala ya kutafuta rangi, tumia mgongo wa mkono: linganisha joto la ngozi inayozunguka kidonda na la mahali pale pale kwenye mguu au mkono wa pili. Angalia kama ngozi imevimba, imetanuka na kung'aa, au imekuwa na weusi unaoelekea zambarau ambao unasambaa. Maumivu yanayozidi baada ya siku ya pili au ya tatu, usaha, harufu, homa, au tezi zilizovimba kwenye kinena au kwapa vyote vinakutaka uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nenda pia bila kusubiri dalili hizo ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chako, liko usoni au juu ya kiungo na huwezi kukikunja, limeingia ndani hadi unaona mafuta au nyama, au halijafunga baada ya wiki 3.

Nina kisukari. Je, utaratibu ni huu huu?

Usafi na ufungaji ni huo huo, ila usijitibu mwenyewe nyumbani ikiwa mchubuko uko mguuni chini ya goti. Kisukari hupunguza hisia na mzunguko wa damu, hivyo kidonda kisichouma kinaweza kuwa kinazidi. Mwenye selimundu naye awe mwangalifu na michubuko ya karibu na vifundo vya miguu, kwa maana sehemu hiyo kwake hupata vidonda sugu. Mtu mwenye ualbino hana shida ya madoa meusi kwa namna tunayoizungumzia, lakini kidonda chake kisichopona, hasa usoni, shingoni au mikononi, kinapaswa kuchunguzwa mapema kwa sababu ya saratani ya ngozi.

Paka au mbwa amenikwaruza. Nitibu kama mchubuko wa kawaida?

La. Osha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili kwa saa, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama hakuna damu iliyotoka. Habari za doa zitasubiri.

Kidonda kimefunga, na ngozi mpya ni ya waridi. Sasa nifanye nini?

Huu ndio wakati ambao wengi huacha kila kitu. Ngozi hiyo ya waridi kwenye mwili mweusi huwatia watu wasiwasi kwamba itabaki nyeupe, lakini rangi hurudi yenyewe kutoka kingo na kutoka kwenye vinyweleo, kisha mara nyingi hupitiliza na kuwa nyeusi kuliko ngozi ya jirani ndani ya wiki chache. Ukiilinda na jua katika kipindi hiki unapunguza kupitiliza huko.

Njia ya kwanza na ya bei ndogo ni nguo: suruali, gauni refu, mikono mirefu, kanga au mtandio. Sehemu isiyofunikika, kama uso au mgongo wa mkono, ipakwe mafuta ya kukinga jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi, na yapakwe tena kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kwa ngozi nyeusi, yale yenye rangi ya kahawia ndani yake yana faida zaidi, kwa kuwa madini ya chuma yanayoyapa rangi hiyo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa. Usipake mafuta hayo kabla kidonda hakijafunga.

Endelea na mafuta ya mgando asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, na epuka kusugua magoti hayo sakafuni. Anayeswali na amechubuka goti au paji la uso atandike kitambaa laini juu ya mkeka.

Doa litachukua muda gani kufifia?

Lililo katika tabaka la juu, ambalo huwa la kahawia, hufifia kwa miezi 6 hadi 12 bila dawa yoyote. Lenye rangi ya kijivu au ya kuelekea bluu liko chini zaidi na linaweza kukaa miaka. Miguu huchukua muda mrefu kuliko uso. Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pamoja na kwenye mwanga ule ule, kwa sababu mtu anayelitazama doa lake kila asubuhi haoni mabadiliko hata pale yalipo.

Ni dawa gani zinazoweza kuharakisha?

Zipo chache zenye ushahidi, na zote ni kwa ngozi iliyokwisha kufunga. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 ni mojawapo, na inaweza kutumika hata kwa mjamzito kwa ushauri wa mtaalamu. Krimu zenye niasinamidi ni pole na hazichokozi ngozi. Krimu za jamii ya vitamini A, kama adapalini na tretinoini, husaidia lakini huwasha mwanzoni, na mjamzito asizitumie. Anza na moja, kiasi kidogo, mara mbili au tatu kwa wiki. Dawa ikiunguza ngozi, mcharuko unaanza tena na doa linakolea, na hapo inafaa kuiacha na kurudi kwenye mafuta ya mgando hadi ngozi itulie.

Limau, ndimu, au kusugua kwa chumvi na sukari?

Ndimu na limau zina kemikali ambazo zikiwa juu ya ngozi na kupigwa na jua huweza kuleta malengelenge na kuacha weusi mzito kuliko ule uliokusudiwa kuondolewa. Kusugua nako hakuondoi rangi iliyo chini. Ute wa mshubiri kwenye ngozi iliyopona hauna ubaya kwa wengi, lakini usitarajie mengi kutoka kwake.

Dukani kuna krimu inayong'arisha kwa siku 7. Nijaribu?

Nakusihi usijaribu. Krimu zinazofanya kazi kwa kasi hiyo mara nyingi zina zebaki, haidrokwinoni (kemikali inayozuia ngozi kutengeneza melanini) au steroidi kali (dawa za kutuliza mcharuko). Zebaki huharibu figo, na mkataba wa kimataifa wa Minamata, unaohusu kudhibiti zebaki, unapiga marufuku vipodozi vya kung'arisha vilivyotiwa zebaki. Steroidi hukondesha ngozi, nayo ngozi hiyo ikichubuka tena hupona kwa shida. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari inaweza kuleta weusi wa kuelekea bluu usiotibika kwa urahisi; madaktari wa Afrika Kusini walilieleza tatizo hilo kwa watumiaji wa krimu hizo tangu mwaka 1975. Nchini Tanzania vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini marufuku haijavizuia kufika sokoni katika vikopo visivyo na orodha ya viambato.

Nina historia ya keloidi katika familia. Je, mchubuko unaweza kunisababishia?

Mchubuko wa juu juu mara chache huleta keloidi, yaani kovu nene linaloendelea kukua kupita jeraha lenyewe. Hatari huongezeka ukiingia ndani, ukipata maambukizi au ukikaa wazi kwa wiki nyingi, hasa kifuani, mabegani na kwenye taya. Ukiona kovu linanyanyuka, linawasha na kuvuka mpaka wa jeraha la awali, wahi kwa daktari likiwa changa. Karatasi za silikoni zinazovaliwa angalau saa 12 kwa siku kwa miezi miwili hadi mitatu, na sindano za steroidi zinazochomwa na mtaalamu ndani ya kovu, hufanya kazi vizuri zaidi mapema kuliko baada ya miaka.

Doa limegoma kwa zaidi ya mwaka. Nimwone nani?

Mwone daktari wa ngozi. Hospitali za rufaa nyingi zina kliniki ya ngozi, na kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika na pia hutengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Unapokwenda kliniki yoyote, beba picha zako za kila mwezi, na beba makopo yote ya krimu ulizokwisha kupaka, pamoja na yale unayoona aibu kuyaonyesha, maana daktari asipojua kilichopakwa anaweza kukuandikia dawa ambayo ngozi yako haitaivumilia.